Jina la Wakanyaga Sufu

Binti yangu alinipigia simu kutoka Buffalo, theluji imewafungia ndani yeye na mchumba wake, akaniambia wataoana mwezi wa tano na kwamba ataacha jina la baba yake achukue la huyo kijana. Alilisema hivi hivi tu, kama mtu aliyebadilisha pazia. Mimi nilikuwa hapa Hilliard, jimbo la Ohio, nakanda unga wa chapati. Nikauacha unga. Nikawaka.

"Baba yako yuko kaburini, wewe ndiwe mtoto wake wa pekee, halafu unataka kumzika tena? Na hilo jina lao lenyewe maana yake nini?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba ni jina tu. Jina tu! Haki watoto hawa. Ni jina la Kiingereza la kawaida kabisa. Liite kwa sauti madukani pale Morse Road siku ya Jumamosi uone watakaogeuka. Lakini kwetu hatuozi mtu kabla ya kuuliza wale wengine wametoka wapi. Nikasema kijana akaulize kwao, la sivyo mimi harusini sionekani.

Kijana akachukua simu mwenyewe. Alisema anayejua ni nyanya yake, aliyemlea, huko Louisville. Basi Aprili wakanipitia, nikakaa nyuma ya gari na hasira zangu na kikapu cha chapati. Tulivuka mto Ohio ukungu umelala juu ya maji, ng'ambo haionekani. Sikuwa na hakika kama nimeamka vizuri.

Nyanya mwenyewe alikuwa mwembamba, mikono baridi, ametuwekea chai mezani. Nikamuuliza bila kuzunguka jina lao limetoka wapi.

Alifumba macho. Zamani, alisema, kaskazini mwa Uingereza, kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kilikuwa kigumu, kimejaa mafuta. Kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukiloweka na kukikanyaga kwa miguu mitupu, kutwa nzima, mpaka kishikane na kulainika. Mtu akaitwa kwa kazi yake. Baadaye watoto wakalirithi jina, hata wale ambao hawakuwahi kulowesha kidole.

"Na kwenye yale maji," akaongeza, "walitia mkojo uliochacha, uondoe yale mafuta."

Binti yangu nusura amwage chai. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa mtoto tena, mtoni kwetu, sketi nimeikunja mapajani, mimi na mama ndani ya karai moja tunakanyaga blanketi, povu linapanda katikati ya vidole, mama amenishika mabega nisiteleze, anacheka. Jua lilikuwa kwenye maji. Nilimwona mama kabisa, na nilitamani mtu asiniguse. Kumbe hawa nao ni watu wa kukanyaga blanketi!

Hasira ikaniisha. Nikauliza tu, vile mtu huuliza: "Na wewe nyanya, kabla ya kuolewa uliitwa nani?"

Akaweka kikombe chini. Akalitaja jina la baba yake polepole. Akasema tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na ndugu zake wote wamekufa, hakuna aliyebaki nalo. 

Kijana alikuwa amesimama na sahani mkononi. Amekulia nyumba hii, na hakulijua.

"Sema tena, nyanya," akaomba. Nyanya akalisema tena. Naye akalirudia, kisha akamgeukia binti yangu. "Wewe baki na la baba yako."

"Nilidhani unangoja nichukue lako."

"Mimi? Nilidhani ni wewe unayelitaka."

Nyanya akamshika binti yangu mkono. "Na la baba yako ni lipi?"

Akalitaja lote, jina la mume wangu, machozi yanamtiririka. Sikuwa nimelisikia likitajwa kwa sauti hivyo tangu mazishi. Nikageuka kutazama mlangoni, kana kwamba aliyeitwa ataingia.