Vidudu vya Chini ya Mtungi

Baridi yetu ya kipupwe watu wa bara huicheka, lakini sisi wa Jomvu Kuu hutoa masweta. Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili, na manyunyu hayakukatika wiki nzima. Mtungi wa maji wa bibi ulikaa juu ya mchanga, pembeni mwa ukumbi, na mchanga ulikuwa chepechepe. Asubuhi moja aliusogeza mtungi, vidudu vikarukaruka.

"Viroboto! Wallahi, huyu paka wako ndiye aliyetuletea!"

Hukumu ikapita papo hapo: Ijumaa baada ya swala, mjomba amtie paka guniani, akamwachie mbali, sokoni Changamwe. Paka wangu! Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Kisha hasira ikanipa akili. Niliazima lenzi kwa mwalimu wa bayolojia, nikalala kifudifudi kwenye simiti. Vilikuwa vyeupe, laini, na chini ya tumbo vina kijimkia kilichokunjwa. Kikifyatuka tu, kidudu kisharuka. Nikavitia kwenye bakuli la maji, vikatembea juu yake raha mustarehe. Nikaviweka mkononi, havikuniuma. Vinakula ukungu tu, maskini.

Alhamisi nikamwita bibi. Ili asibishe, nilimwekea na kiroboto halisi kando, alinganishe. Akakiminya kidudu kwa kidole, kikasagika mara moja. Akamminya kiroboto, hasagiki, mpaka akamkamata kwa kucha mbili: tap!

"Kweli, mwanangu, hivi si viroboto."

Nikajiona profesa. Bibi akanikazia macho.

"Na huyu mmoja umemtoa wapi?"

Lo! Nilikuwa nimemchana paka manyoya kwa kitana, nikampata humo.

Ijumaa paka akaenda, na aliyemponza ni mimi na ujuaji wangu. Lakini nilimnunia bibi siku tatu. Hata shikamoo nilimpa ya shingo upande. Siku ya nne akaniita.

"Abee," nikajibu kwa mbali.

Alikuwa ameinama kwenye mtungi, kashika ile lenzi. "Njoo unionyeshe vijimkia vyao. Macho yangu hayavioni."

Nikamwambia nina kazi ya shule. Sikuwa na kazi yoyote.

Bibi amekwishatangulia mbele ya haki. Siku hizi naishi Port Reitz, na kila kipupwe nikiinua chungu cha maua kibarazani huviona vidudu vile vinavyoruka, na moyo huniuma kwelikweli. Rangi ya yule paka nimeisahau. Nimkumbukaye ni bibi, ameinama, ananingoja.