Samaki Waliotutangulia

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu unayekwenda kusomea dawa. Ilikuwa miaka ya tisini, nami mama kijana hapa Litapunga, mtoto wangu wa kwanza mgongoni, homa haitaki kushuka. Nilikwenda kwa Mzee Kanoni, mganga wa mizizi aliyewatibu hata wazazi wetu. Mwaka huo moto wa porini ulikuwa umeteketeza mti aliouzoea, basi akachemsha mzizi wa mti mwingine unaofanana nao.

Binti yake, Siwema, aliyekuwa akisomea udaktari, alikuwa likizo. Uani aliweka mabeseni mawili ya maji yenye samaki wadogo aliowatoa kwenye majaruba ya mpunga. Beseni moja akalitia dawa ile.

"Baba, chuoni tunaanza kuijaribu dawa kwa hawa. Subiri kidogo kabla hujamnywesha mtoto."

Mzee alikunja uso. Kumpima mganga mbele ya mgonjwa wake, mwanangu, ni kumvua nguo. Lakini alikaa, akasubiri.

Samaki wa beseni la dawa wakaanza kwenda upande, wakapanda juu kutafuta hewa, wakageuza matumbo. Wenzao wa beseni la pili waliendelea kuogelea.

"Samaki si mtoto, baba," Siwema alisema taratibu. "Huenda huyu asingedhurika. Ila mimi nisingemnywesha."

Mzee alimtazama mtoto mgongoni mwangu. Akainua chungu, akamwaga dawa yote shimoni.

"Mwambie mumeo achukue baiskeli yangu. Mpelekeni hospitali, Mpanda mjini."

Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikainua beseni la dawa niwamwagie bata wale samaki waliokufa.

"Acha!" Mzee akanikemea. "Waliokunywa kikombe cha mwanao unawatupa kama takataka? Nenda, nitawafukia."

Nilipogeuka njiani nilimwona amepiga magoti, anachimba.

Mtoto alilazwa, akapona. Leo analima kule Kabungu, ana wanawe. Mzee Kanoni aliendelea kutibu, lakini kwa kila mzizi mgeni alimsubiri kwanza Siwema aupime kwa samaki. Watu walimcheka, wakamwita mganga wa samaki.

Nyie mnaosomea dawa, na nyie mnaozinywa tu, sikieni. Tahadhari kabla ya athari. Ukiwa na ujuzi, kubali upimwe, hata na mwanao, hata mbele za watu. Na kila tiba unayoishika, jua kuna kiumbe kilichotangulia kuionja. Usikiue kwa mchezo, wala usikidharau kwa udogo wake.

Mungu akujalie mkono wa kuponya, mwanangu, na moyo unaokubali kuambiwa. Nenda salama.