Sekunde Hamsini za Ngazi

Wachezaji walimwita Mama Dakika, na jina lilimkaa. Alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu chuoni. Kocha mkuu alipanga mbinu na kufoka. Yeye alishika saa na kuamua nani aingie, nani apumzike. Mwenyewe aliwahi kusugua benchi misimu mitatu, akajua linavyouma.

Mwaka ule roho yake ilikuwa kwa Ngazi. Binti alipewa jina hilo kwa urefu wake, na zamani mpira aliourusha uliingia kama umetumwa. Kisha akaumia goti. Goti likapona, mkono ukagoma. Kila alichorusha kiligonga chuma kikarudi, naye akaanza kuogopa hata kupasiwa.

Mama Dakika akamwekea utaratibu: dakika tatu kila mechi, timu ikiwa inaongoza kwa mbali, na asilazimishwe kurusha. Mechi ya nne Ngazi akafunga mara mbili. Alirudi benchi akicheka mpaka jino la mwisho.

"Unaona, kocha?"

"Naona, mwanangu. Pole pole hivyo hivyo."

Mechi ya kuwania fainali, baba yake Ngazi akaja. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi haikuwahi kumpa nafasi ya kumwona binti yake akicheza. Siku hiyo alifunga karakana mapema, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa safu ya mbele kabisa.

"Kocha, yule pale ni baba," Ngazi alinong'ona. "Dakika zangu leo usininyime, tafadhali."

"Utaingia," Mama Dakika akasema, kabla hajafikiri.

Lakini mechi ilikaba koo. Hakuna timu iliyoongoza kwa zaidi ya pointi mbili. Robo ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika nne, walikuwa nyuma kwa pointi moja. Mama Dakika aligeuka akamtazama yule mzee. Alikuwa ameinama mbele, viganja vyenye makovu ya moto vimebana magoti, macho hayamtoki binti yake pale benchi.

"Usithubutu," kocha mkuu alimwambia, maana alimsoma.

Akathubutu.

Pasi ya kwanza ilimponyoka Ngazi mikononi. Ya pili ilimkuta peke yake chini ya kikapu, ukumbi mzima ukipiga kelele, "Rusha!" Akarusha. Mpira haukugusa hata chuma. Wapinzani wakauokota, wakakimbia nao, wakafunga.

"Mtoe! Mtoe sasa hivi!" kocha mkuu alifoka.

Tangu Ngazi aingie zilikuwa zimepita sekunde hamsini tu. Mama Dakika akaomba mabadiliko, na Ngazi akatoka akitazama viatu vyake. Mtu mmoja tu alipiga makofi. Ni baba yake. Hakuujua mchezo, alidhani kila mtu hutoka hivyo.

Walifungwa kwa pointi tatu. Baadaye mzee alimfuata Mama Dakika, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Mwalimu, asante sana. Nimemwona mwanangu." Nyuma ya mzee, Ngazi alikuwa amejifunika uso kwa taulo.

Siku tatu Ngazi hakuonekana mazoezini. Mama Dakika akamfuata bwenini, akamkuta kitandani na vitabu vyake.

"Umenikasirikia?"

"Hapana, kocha." Alifunga kitabu. "Nilikuona ukimtazama baba, ndipo ukaniita. Nilijua ni huruma, na bado nikaingia."

"Kosa ni langu. Nisamehe."

"Yameisha, kocha."

Aliyasema upesi, kama anayefunga mlango mgeni bado yuko ndani. Kisha akaongeza, sauti ikikatika, "Baba anawaambia majirani nilicheza vizuri."

Mama Dakika alikaa ukingoni mwa kitanda, wakalia pamoja, hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Ngazi aliendelea na masomo mpaka akamaliza, lakini uwanjani hakukanyaga tena. Wakikutana chuoni alimsalimia kocha kwa heshima zote, akamuuliza hali ya watoto wake, akapita. Kocha mkuu kila alipouliza kwa nini yule mrefu asibembelezwe arudi, Mama Dakika alijibu, "Mwache," akaendelea kukunja jezi.