Jogoo wa Wifi Kalondu

Wifi yangu Kalondu, dada wa marehemu mume wangu, anafuga kuku Gatuanyaga, na sauti yake huko inajulikana kuliko kengele ya kanisa. Aliacha shule darasa la saba ili karo imtoshe kaka yake, na kaka akawa mwalimu mkuu. Kalondu halitaji jambo hilo. Mimi nalitaja.

Binti yangu Ndanu alipoitwa chuoni kusomea uuguzi, akiba yangu na mkopo wa wanafunzi vilifika nusu tu ya karo. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Kalondu akanijia nyumbani Gatongora, jogoo mwekundu kwapani.

"Tufanye harambee, wifi."

"Nyumba ya mwalimu mkuu haipitishi kikapu."

"Nani ametaja kikapu? Mimi nauza jogoo."

"Jogoo mmoja atasomesha muuguzi?"

"Inategemea atauzwa mara ngapi."

Jumamosi uani kwake walijaa watu wa kanisa, majirani na wanafunzi wa zamani wa mume wangu. Dalali alikuwa Kalondu mwenyewe. Fundi Muoki akamnunua jogoo, akalipa, akamrudisha. "Auzwe tena!" Kwaya nayo ikamnunua, ikamrudisha. Mwongeli, anayeuza mboga mtaa wa Landless, akamwinua mguu na kumkagua kama daktari.

"Huyu amechoka! Punguza bei."

"Amechoka wapi? Sasa yuko mwaka wa tatu," Kalondu akamjibu. "Bei inapanda na masomo!"

Nilicheka hata mimi, niliyekuwa nimekaa wima kwenye kiti cha wageni. Hakuna aliyeombwa kitu. Watu walinunua kuku.

Kisha mweka hazina akatangaza kwamba bado kidogo karo itimie. Kila mtu alikuwa ameshatoa alichokuja nacho. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na pesa za suti mpya, ya kumsindikizia Ndanu chuoni. Nikasimama, nikataja bei iliyomaliza karo.

"Ameuzwa kwa mama wa mwanafunzi!" Kalondu akapaza sauti, na vigelegele vikamfunika.

Jumatatu nilimfikisha Ndanu chuoni nimevaa suti yangu ya zamani, imepigwa pasi barabara. Jogoo nilimrudisha Gatuanyaga kwa mkono wangu. Msichana wa Mwongeli anamaliza kidato cha nne mwaka huu, na Kalondu ameshaniteua dalali msaidizi.