Kurudi Karungu na Pole Iliyochelewa

Kabla ya korona nilikuwa nikienda Karungu kila Desemba, siku nne, wakati mwingine tano kama wateja wameniruhusu. Mimi ni fundi cherehani wa Kegonga. Ufundi wangu niliupata kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya, na kwa kweli hakuna mahali nimewahi kupumzika isipokuwa pale kando ya Ziwa Victoria. Mama mwenye boma alikuwa na vyumba viwili vya wageni, hatua chache kutoka kwenye maji. Asubuhi aliniwekea chai na viazi vitamu, mchana samaki. Mume wake, ambaye sote tulimwita Mzee, ndiye aliyenifundisha kuelea.

"Unapigana na ziwa," aliniambia. "Ziwa halina ugomvi na wewe. Lala."

Na mimi, mtu wa kufumua pindo la sketi mara tatu kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda, nikalala juu ya maji.

Kisha barabara zikafungwa, nikabaki Kegonga nikishona barakoa. Mwaka wa pili wa korona ujumbe wa Mama uliingia kwenye simu: "Mzee ametuacha. Tunazika kesho, watu wachache tu kama serikali ilivyosema."

Sikujibu.

Si kwamba sikuumia. Niliandika rambirambi, nikaiona fupi mno. Nikaongeza mstari wa Biblia, ikawa kama kadi ya dukani. Nikafuta. Kesho yake nikaanza upya. Wiki ilipopita ikabidi kwanza niombe radhi kwa kuchelewa, na baada ya mwezi radhi ikawa ndefu kuliko pole yenyewe. Baada ya mwaka, nikiona jina lake kwenye simu masikio yalikuwa yanapata moto. Yeye naye hakuandika tena.

Barabara zilifunguliwa, watu wakarudi kutembea, lakini mimi nilikaa nyumbani Desemba mbili zaidi nikisingizia kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa atanipokea kama mgeni yeyote: huu hapa ufunguo, choo kiko kule. Kufukuzwa ningeweza kuvumilia. Adabu yake ndiyo ningeshindwa nayo.

Aliyenisukuma ni mwanamke wa Kosele, Mjaluo kama Mama, anayeuza mitumba karibu na meza yangu sokoni. Nilimweleza kila kitu, akaguna.

"Enda. Lakini usiingie na jambo-jambo. Kama hukuzika, unapitia kaburini kwanza, unamlilia mtu, ndiyo sasa unasalimia walio hai. Na usiulize kaburi liko wapi kama mtalii! Mwanaume anazikwa mkono wa kuume wa nyumba ya mke mkubwa."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari la vipimo vya wateja. Nikaandika pia nitakachosema kaburini, nikakisoma mbele ya kioo hadi nikakijua kwa moyo. Safari hii sitakosea, nilijiambia.

Bodaboda iliniacha langoni saa nne asubuhi. Boma lilikuwa kimya. Niliiona ile nyumba ya mabati ambayo siku zote nilidhani ni stoo ya nyavu, na pembeni mwake, kila upande, kaburi la vigae vyeupe. Mawili yanayofanana, hayana kibao wala jina. Zamani sikuwahi kuona kaburi hapo, ila nyasi tu. Kumbe hii ndiyo nyumba ya mke mkubwa. Lakini nilikuwa na daftari langu. Mkono wa kuume. Nikaweka mkoba chini, nikaenda kwenye kaburi lililokuwa upande wangu wa kuume, nikapiga magoti.

Hotuba ilinitoroka yote. Nilisema tu, "Mzee, nimechelewa," kisha machozi yakaja kwa nguvu ambayo sikuipanga, na makamasi pia, na sauti niliyoionea aibu hata nikiwa katikati yake.

"Yawa! Ni nani huyo anamlilia nyieka wangu?"

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama na ungo wa omena, vile vidagaa vya ziwani, mkononi, kitambaa kichwani, amekonda kidogo. Kisha akaweka ungo chini.

"Huyo ni mke mwenzangu," alisema. "Mke mkubwa. Alikufa hata mimi sijaolewa hapa. Watoto walipomjengea baba yao wakamjengea na yeye."

"Lakini nimehesabu mkono wa kuume!"

"Umehesabu ukitokea wapi?"

"Langoni."

"Langoni! Unasimama kwa mlango wa nyumba, unaangalia nje, ndiyo unahesabu. Wewe umehesabu kama mwizi anayeingia." Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikadhani analia. "Mzee sasa anasema, hata nimekufa, bado mke mkubwa anahudumiwa kwanza!"

Akacheka mpaka akashika magoti. Aliponyanyuka alinishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi upande wa pili.

"Haya. Ni huyu. Mlilie."

Nilijaribu. Machozi yalikuwa yameisha yote kwa yule mama nisiyemjua, na kila nikifumba macho kicheko kilinipanda. Tukasimama pale, sisi wawili, tukicheka juu ya kaburi la Mzee, ambaye angekuwa wa kwanza kucheka.

Kisha Mama akaufuata ungo wake, akaketi nao.

"Nilidhani korona imekubeba," alisema. "Nilitaka kukupigia, nikaogopa mtu mwingine atashika simu aniambie. Kwa hivyo sikupiga."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimefikiria hasira yake, dharau yake, kunisahau kwake. Hilo sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Nilimwambia kuhusu ule ujumbe, jinsi nilivyouandika na kuufuta, na sikujaribu kuipanga hadithi vizuri. Alinisikiliza akichagua mchanga kwenye omena.

"Ungeandika 'pole' peke yake, nyathina, mtoto wangu. Pole haipigwi pasi." Akasukuma ungo upande wangu. "Kaa chini usaidie. Chumba chako unakijua, na mlango bado unakwama."

Ulikuwa umekwama kweli, na kwa bega langu ukafunguka kama zamani. Nilikaa kitandani kwa dakika nzima nikiwa sijisikii kurekebisha chochote.

Alasiri nilishuka ziwani. Nilikuwa nimesahau kuelea. Shingo ilikakamaa, miguu ikazama, nikameza maji. Mama alikuwa kwenye mawe akiosha masufuria, hata hakuinua kichwa.

"Unapigana tena!" alipaza sauti. "Lala!"