Ng'ombe Kageuza Shingo

Juzi mchana, hapa ofisini Kibaha, vifuniko vya vikombe vya chai vilianza kutetema mezani. Kidogo tu, kana kwamba lori zito limepita barabarani. Wenzangu wakatazamana. Mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimeshafika mlangoni nahesabu: moja, mbili, tatu. Mtu mzima mwenye watoto, lakini saa ile nilikuwa Kisarawe, nina miaka kumi na moja, na bibi yangu kakaa chini ya ukuta wa matofali.

Ngoja nikueleze. Kijijini kwetu nyumba zilikuwa za miti na udongo, isipokuwa moja ya jirani yetu muuza nazi. Yeye alijenga kwa matofali ya saruji, bila nondo hata moja, akajivunia kuta zile kuliko wanawe. Masika yakija na upepo, sote tulikimbilia kwake. Ndiyo ilikuwa desturi: wingu likitanda, unakunja mkeka wako unakwenda "tofalini". Wanawake wakisuka ukili, chai ya mchaichai ikichemka, bati likipiga kelele hadi usikie nusu ya umbea. Nilipapenda mno.

Mwaka huo mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha matetemeko ya ardhi. Alichukua ufito mkavu, akampa mwenzetu ashike ncha moja, akaupinda polepole. "Miamba ya chini iko hivi. Penye ufa pande mbili zinasukumana, zinang'ang'aniana miaka na miaka, mpaka zishindwe." Ufito ukakatika, pa! Mwenzetu akaruka, viganja vinamwasha. Kisha mwalimu akatupanga mstari, mikono mabegani, akamsukuma wa nyuma. Msukumo ukafika mbele upesi. Akamyumbisha huku na huku. Myumbo ukaja taratibu, ukaangusha wawili. Wimbi la kwanza la tetemeko hukimbia, akasema, na la pili ndilo livunjalo. Likikawia, tetemeko limetokea mbali. Likifuata papo hapo, liko miguuni mwako.

Nilikimbia kumsimulia bibi. Akacheka mpaka ukili ukamponyoka. "Mwalimu wenu kachelewa. Dunia kaibeba ng'ombe kwa pembe moja. Akichoka, anaihamishia pembe ya pili. Ila hahami ghafla, kwanza hugeuza shingo." Nilimwona mshamba, Mungu anisamehe.

Haikupita wiki mbili, mvua ikatukusanya tofalini, watu kama kumi. Bibi, kwa mguu wake mbovu, alikuwa kaegemea ukuta. Vifuniko vya sufuria vikaanza kulia, tiki tiki tiki. Vikombe vikaitikia. Jirani akaruka akabana komeo la mlango. "Asitoke mtu! Humu matofali, hapaingii kitu!" Na wote, masikini, wakazidi kuubana ukuta kwa migongo.

Moja. Mbili. "Tutoke, wimbi la pili linakuja!" nikasema. "Kaa chini wewe mtoto," mmoja akanikemea. Tano. Nikamvuta bibi mkono, akaniambia nitulie, ni mvua tu. Saba. Nikaona namwacha bibi yangu afe kwa sababu ya adabu. Nikapiga kelele, "Bibi! Ng'ombe kageuza shingo!"

Akanitazama. Akavisikiliza vifuniko. Kisha akashika mkongojo, akajiinua. "Fungua mlango, mwanangu," akamwambia jirani. Bibi ndiye aliyempokea jirani yule siku alipozaliwa, atabisha vipi? Komeo likafunguliwa, watu wakamfuata bibi wakinung'unika, jirani wa mwisho.

Nilikuwa nimefika kumi na tisa, tuko mvuani, ardhi ilipoyumba. Nilianguka kwa magoti. Ukuta ukapasuka penye kona, matofali ya juu yakamwagikia mkeka aliokuwa amekalia bibi. Ng'ambo ya njia kibanda chetu kiliyumba, kikapukutisha udongo, kikabaki kimesimama. Miti hupinda, matofali matupu hayajui kupinda.

Jirani alikaa matopeni akalia. Bibi alinipangusa uso kwa kanga yake iliyolowa. "Kesho mwambie mwalimu wako, bibi kasema marahaba."

Bibi alishafariki. Penye kibanda wajomba wamejenga nyumba ya matofali, nami nilipouliza habari za nondo waliniambia nisiwafundishe kazi. Tofalini hakuna tena, kwa kuwa kila nyumba sasa ni tofalini. Mvua ikinyesha kila mtu anafunga mlango wake, na jirani humwoni mpaka ikatike.

Basi juzi, pale mlangoni, nilifika kumi na nane, sakafu ikayumba mara moja, ikatulia. Alhamdulillahi. Kumbe muda wote huo nilikuwa napiga kelele. Chumba kizima kilinikodolea macho, hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti.

"Ng'ombe gani tena, dada?" akauliza mwenzangu wa masijala.

Nikaangalia uso mmoja baada ya mwingine, nikimtafuta mtu ambaye angeshika mkongojo wake akainuka.