Flashi Niliyokwenda Nayo Ukweni

Mimi ndiye fundi kompyuta wa steshenari ya Bi Zainabu, Maili Moja. Cheo nilijipa mwenyewe. Ijumaa niliipanga laptopu ya duka, inayotumia mfumo wa Linux, ili kila ikiwashwa ifungue yenyewe diski ya kazi za wateja. Niliandika kwenye mipangilio yake ya kuwaka majina yote ya diski niliyoyaona. Ikawaka vizuri. Flashi yangu ilikuwa bado imechomekwa.

Jumamosi nilimwaga Bi Zainabu, nikamtajia na nyumba ninayokwenda, nikaenda Msimbu kutambulishwa ukweni. Flashi niliivaa shingoni juu ya kanzu, wajue wanampokea mtaalamu. Bi Zainabu akapiga simu: laptopu haiwaki. Nikamjibu kwa sauti, wakwe wasikie, "Hiyo imeshakufa, Bi Zainabu. Nunua nyingine."

Baba yangu mdogo, aliyenisindikiza, alikuwa bado ananisifia kwa wakwe, bodaboda iliposimama uani. Bi Zainabu akashuka na laptopu kifuani.

"Asalaam aleikum. Nimemleta marehemu, fundi amzike mwenyewe."

Akaiwasha mbele ya baba mkwe, mwalimu mstaafu. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole.

"Inasema haijafa. Inasubiri diski inayoitwa FLASH_RAJAB."

Akainua macho hadi kifuani kwangu.

"Rajabu si ndiye wewe?"